Neva ya Upande wa Kushoto

Aliyenifundisha kuhesabu pumzi bila saa alikuwa fundi cherehani. Nimesoma vyuo viwili na nimeketi mbele ya maprofesa wenye miwani mizito, lakini nikiulizwa mwalimu wangu ni nani, namtaja mzee aliyekuja idara yetu kushona mapazia, akasahau kuondoka kwa miaka thelathini na moja. Wapo wanaodhani natania. Waache wadhani.

Jina lake la kwenye faili halikutumiwa na mtu. Tulimwita Fundi Pumzi, naye alijifanya halipendi. Ukipita mlangoni kwake ukamwamkia, aliitikia kwanza, kisha akayatazama mabega yako kidogo tu na kusema, "Umepanda ngazi mbiombio. Ishirini na sita kwa dakika." Ukienda pembeni ukajihesabu kwa saa, unakuta ishirini na sita. Kulikuwa na mhadhiri mmoja, mnene, aliyekuwa akizunguka jengo zima ili asipite mlango ule.

Baba yake alikuwa mshonaji, na babu yake pia, na yeye alirithi cherehani pamoja na mgongo wa kuinama. Aliitwa idarani kwa sababu maabara ilihitaji mapazia mazito ya kuzuia mwanga. Siku ya pili ya kazi yake alikuwa juu ya ngazi, pini zimemjaa mdomoni, na chini yake profesa mzee wa wakati huo alikuwa akihangaika kupitisha uzi chini ya neva ya panya aliyelazwa kwa nusukaputi. Profesa alitoka jasho. Akatukana kwa lugha tatu. Fundi alivumilia, alivumilia, mwisho akatema pini mkononi na kusema, "Mzee, unavuta uzi kabla kitambaa hakijatulia."

"Basi shuka ufanye wewe!" profesa akafoka, akidhani amemkomesha.

Fundi akashuka. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaketi, akaitazama kwa muda mrefu ile shingo ndogo iliyofunguliwa, bila kugusa kitu. Kisha uzi ukapita. Halikutoka tone la damu. Wanasema profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na Jumatatu iliyofuata Fundi alikuwa mwajiriwa. Dirisha la tatu halikupata pazia lake.

Mimi nilimkuta akiwa na mvi, mfalme wa meza ile. Alikuwa na sheria zake na hakuna aliyezijadili. Panya alikuwa mgeni, na ndivyo alivyomwita. Mgeni hakuguswa kwa kisu mpaka Fundi amembana kidole cha mguu mara tatu. Mguu ukisogea hata kwa unywele, tulingoja. "Mgeni wetu hajalala," alisema. Ukicheka karibu na meza hiyo, aligeuka taratibu. "Mwenzako amekupa shingo yake, wewe unacheka?" Nilicheka mara moja tu katika maisha yangu ya maabara.

Ngoja niieleze hiyo shingo, maana mambo yote yalitokea humo. Ukifungua ngozi na kuisogeza misuli, unaona mshipa wa damu unaodunda, na ubavuni mwake kuna uzi mweupe mwembamba kuliko wa kushonea vifungo. Hiyo ndiyo neva iitwayo vagasi. Iko moja kila upande. Profesa mzee aliibatiza Mzururaji, kwa sababu hutoka chini ya ubongo, hushuka shingoni, hupita kwenye moyo, huingia mapafuni, hutelemka mpaka tumboni, na kila inapopita huchukua habari na kuzirudisha juu. Pembeni mwake kuna neva nyingine, nyembamba zaidi, ya kijivujivu, inayopanda kwenda kwenye jicho. Hizo mbili hutembea pamoja shingoni kama ndugu wasiosemeshana, na asiyezijua huzichanganya.

Swali langu lilihusu serotonini. Watu wengi wameisikia ikitajwa kwenye habari za furaha na huzuni, kumbe sehemu kubwa ya serotonini mwilini hutengenezwa tumboni, na damu huibeba ndani ya chembe zake za kuziba majeraha. Nilikuwa nimesoma kwamba ukiingiza kiasi kidogo sana kwenye mshipa wa panya, pumzi yake husimama. Kusoma ni jambo moja. Siku ya kwanza nilipokuwa mezani, niliingiza tone lisiloweza kufunika ukucha wa kidole changu kidogo, nikatazama ile kalamu ya mashine iliyokuwa ikipanda panya akivuta na kushuka akitoa, ikichora milima midogo kwenye karatasi inayotembea. Kalamu ikashuka, ikabaki chini. Ikachora mstari mnyoofu.

"Moja," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Mbili. Tatu."

Kifua cha panya hakikusogea. Mimi mwenyewe sikuvuta hewa, na sikujua kwamba sivuti.

"Nne. Tano. Sita. Haya, karudi."

Kalamu ikatetemeka, ikapanda kidogo, kisha zikaja pumzi fupifupi za haraka, na baada ya dakika mbili tatu kila kitu kilikuwa kama mwanzo, panya amelala, milima inajichora. Niliketi sakafuni. Sioni haya kusema hivyo. Pumzi, jambo ambalo hakuna mtu anayelikumbuka mpaka limsumbue, ilikuwa imeambiwa isimame, ikasimama, halafu ikaambiwa endelea.

"Miaka yote hii naiona," Fundi akaniambia, akininyooshea mkono niinuke, "na bado sijaizoea. Nani kamwambia asimame? Mimi hicho ndicho ninachotaka kujua kabla sijafa."

Hilo ndilo lilikuwa swali langu pia, ila kwenye tasnifu nililiandika kwa maneno marefu. Njia zilikuwa mbili. Ama ile dawa inafika kwenye ubongo wenyewe na kuuamuru, ama inagusa ncha za neva mapafuni, na habari inapanda kwa Mzururaji mpaka kwenye ubongo, ndipo amri inatoka. Kujua ni rahisi: kata Mzururaji pande zote mbili, kisha ingiza dawa. Pumzi isiposimama, basi habari ilikuwa ikipita kwake. Waliotangulia walikwisha kusema inapita kwake. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha na kupima.

Fundi alikata, mimi nikaingiza dawa. Panya wanne wa kwanza hawakusimamisha pumzi hata kidogo. Nikaandika. Panya wa tano akasimamisha. Sekunde tatu tu badala ya sita, lakini alisimamisha. Wa sita naye hivyo hivyo. Wa saba, wa nane, wa tisa.

Hapo kichwa changu kikavimba. Mtu mwenye akili angejiuliza kumeharibika nini. Mimi nilijiona nimevumbua. Nilijiambia kwamba kuna njia nyingine ambayo watu wote hawakuiona, na kwamba imeningoja mimi. Nikabadilisha kichwa cha tasnifu yangu. Nikampigia mama simu na kumwambia ajiandae kusikia jina la bintiye, na mama, ambaye hakuelewa hata neno moja, akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Nikaenda kwa mkuu wa idara. Alikuwa mama wa makamo, mkavu, mwenye haki na asiyebembeleza. Alisoma karatasi zangu akiwa amesimama.

"Hili ni jambo kubwa," akasema. "Una hakika neva zilikatwa?"

"Alikata Fundi Pumzi."

Akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia karatasi. Katika jengo lile jibu hilo lilitosha. Akanipangia kuzungumza mbele ya jopo la maprofesa baada ya siku kumi na mbili.

Lakini Fundi mwenyewe alikuwa amenyamaza. Nilidhani ni uzee. Aliacha kutuhesabu mlangoni. Siku moja aliniomba karatasi za mashine, za panya wote tisa, aende nazo nyumbani, jambo lililokatazwa kabisa, nami nikampa kwa sababu nilikuwa na furaha na mtu mwenye furaha hugawa hovyo. Jumamosi asubuhi akanipigia simu. "Mwanangu, ukipata nafasi mchana pita nyumbani. Uje peke yako."

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na cherehani ya baba yake ilikaa chini ya dirisha, imefunikwa shuka safi. Mke wake alinipokea mlangoni, mama mpana mwenye kicheko cha kujaza chumba. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu, karibu! Kumbe wewe ndiye daktari wa panya? Mume wangu anajua pumzi za panya wote. Zangu hajaziuliza tangu anipose."

"Zako za nini kuuliza?" Fundi akasema kutoka ndani. "Ukikoroma nazisikia nikiwa kituo cha basi."

Tukacheka wote, chai ikaletwa, na kwa muda nikasahau kwamba nimeitwa. Kisha Fundi akaondoa vikombe mezani. Ilikuwa meza ya kukatia vitambaa, ndefu, na juu yake alitandaza karatasi zangu, akazikandamiza na pasi upande mmoja na mkasi upande mwingine.

"Hesabu hapa," akasema, kidole chake kikiwa kwenye panya wa pili. "Kabla sijakata."

Nikahesabu. "Tisini."

"Baada ya kukata."

"Arobaini na nane. Na milima imekuwa mirefu."

"Kwa nini imekuwa mirefu?"

Nilijibu kama mwanafunzi, maana nilikuwa mwanafunzi. Mapafu yakijaa, Mzururaji ndiye anayepeleka habari juu kwamba inatosha. Akikatwa pande zote mbili, hakuna wa kusema basi, kwa hiyo mnyama anavuta mpaka mwisho, polepole, kwa kina.

"Vizuri. Sasa huyu wa tano."

Kabla ya kukatwa alikuwa tisini na mbili. Baada ya kukatwa, sabini na nane. Milima ilikuwa ile ile, imeongezeka kidogo tu. Nikahesabu tena kwa ncha ya kalamu. Wa sita, sabini na tisa. Wa saba, sabini na sita.

"Hawa wana mtu bado yuko njiani," Fundi akasema. "Upande mmoja habari zilikuwa zinapanda. Ndiyo maana dawa yako ilifika."

"Fundi, ulikata pande zote mbili. Nilikuona."

"Uliniona nakata. Jicho la kushoto la panya uliliangalia?"

Sikuwa nimeliangalia. Nani aangalie jicho la panya wakati anatafuta pumzi yake?

"Kope ya kushoto ilikuwa imelegea. Wote watano. Kuanzia wa sita nililiona hilo nikajiambia ni dawa ya usingizi. Nikajidanganya, mwanangu. Neva ya jicho ikikatwa, kope hulegea. Kulia nilimkata Mzururaji. Kushoto nilikata jirani yake."

Mke wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, na kicheko chake sikukiona tena usoni. "Mwambie na lile lingine," akasema.

Fundi akainamia karatasi. Basi mkewe akasema mwenyewe. "Ana presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia linalifuata. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Mwaka wa pili huu namtungia uzi kwenye sindano. Nimemwambia, mficha uchi hazai. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilipiga kelele. Nilisimama katika nyumba ya watu, nikiwa nimekunywa chai yao, nikamwambia mzee anayenizidi miaka thelathini kwamba ameniua, kwamba zimebaki siku tisa, kwamba mama yangu ameshawaambia majirani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nadhani alikuwa akinihesabu pumzi.

Nilipochoka kupiga kelele, likanijia wazo baya, na nikalisema kwa sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na huyu mke wangu," akasema Fundi.

Nikangoja.

"Na sasa wewe. Wageni watano walitupa shingo zao, mwanangu. Unataka wawe wamekufa kwa ajili ya uongo?"

Nililia, na mke wake akanipa kanga nijifute, akakaa karibu nami. Ndipo niliposhusha hasira na kuona jambo ambalo lingekuwa wazi kwa mtu mwingine tangu mwanzo. Miaka miwili nyuma, fundi wa vyura wa idara yetu alianza kutetemeka mikono, na mkuu akamwondoa mezani wiki ile ile, akampeleka stoo kuhesabu chupa. Mkuu alikuwa na haki. Lakini yule mzee wa vyura aliacha kuongea na watu, na baada ya miezi michache akaacha kuja kabisa. Fundi Pumzi alikuwa ameniita nyumbani kwake kunipa kwa mikono yake mwenyewe kitu ambacho kingemwondoa mezani. Asingekitoa, hakuna mtu idarani ambaye angejua.

"Bila ile meza atakaa hapa kutwa ananitazama," mke wake akasema, akajaribu kutabasamu. "Na mimi nitamfukuza." Kisha machozi yakamtoka naye pia.

"Tutarudia," nikasema. "Utanielekeza, nitakata mimi. Nikiulizwa habari ya wale watano, nitasema niliandika vibaya. Jina lako halitatajwa."

Fundi alikunja karatasi zangu moja moja, hakusema ndiyo wala hapana. Nikadhani amekubali.

Siku zilizofuata alinifundisha kwa ukali ambao sikuwahi kuujua. Kwanza nilinyanyua nyuzi za pamba kutoka kwenye kitambaa kilicholowa, kwa kulabu ya kioo, mara mia, mpaka zikanyanyuka bila kukatika. Kisha tukaomba panya waliokwisha kufa katika kazi za wengine, nikafungua shingo baada ya shingo. Alisimama nyuma ya bega langu la kulia. Hakuwa akiona ninachofanya, nami nilijua haoni, lakini alijua kila nilipokosea.

"Umebana pumzi," alisema. "Mkono wa mtu aliyebana pumzi hutetemeka. Toa. Sasa sogea."

Nikatoa. Mkono ukatulia.

"Usimtafute Mzururaji. Tafuta mshipa. Kwa mgeni aliye hai utadunda chini ya kulabu. Ukiupata, yeye yuko ubavuni, mweupe, mnene kidogo. Ukimwona mwembamba wa kijivu, msalimie umwache."

Siku ya sita nilimwona. Namaanisha kumwona kweli, si kuoneshwa. Nilikuwa nimesogeza utando mmoja wa mwisho na taa ikaingia, na pale, kando ya mshipa, kulikuwa na uzi mweupe unaong'aa kwa majimaji, na nyuma yake ndugu yake wa kijivu. Nikakaa nao. Niliwaza kwamba ninao huu uzi shingoni mwangu wakati huu huu, kulia na kushoto, na kwamba unapeleka habari za kila pumzi ninayovuta bila kuniuliza. Nikaweka kidole shingoni mwangu. Mshipa ulikuwa unadunda, na yule mwingine alikuwa ubavuni mwake, kimya.

"Umemwona," akasema Fundi.

"Umejuaje?"

"Umeshuka mpaka kumi na mbili."

Siku mbili kabla ya jopo nilimwomba mkuu wa idara aje maabara ashuhudie mwenyewe. Nilimwambia tu kwamba nimepata shaka na kwamba nataka aone kwa macho yake. Alikuja saa nne asubuhi, akaketi kwenye stuli karibu na mashine, akakunja mikono. Mgeni alikuwa amelala. Fundi alimbana mguu mara tatu, akaridhika, akarudi nyuma, akaniachia kiti. Niliona mkuu akitazama jambo hilo.

Nikafungua. Nikapata mshipa wa kulia, unadunda, na Mzururaji ubavuni. Nikapitisha uzi chini yake bila kuuvuta. Nikaenda kushoto. Hapo nikakumbuka kutoa pumzi, nikatoa. Mshipa. Uzi mweupe. Nyuma yake wa kijivu, nikamsalimia, nikamwacha. Kwanza niliingiza serotonini kabla ya kukata. Kalamu ikashuka, ikachora mstari mnyoofu, na Fundi akahesabu sekunde sita. Pumzi ikarudi. Tukangoja mgeni atulie, tukangoja tena, kisha nikakata kulia, nikakata kushoto.

Hakuna aliyeniambia jinsi inavyokuwa ukikata wewe mwenyewe. Nilikuwa nimeona mara tisa, mkono wa mtu mwingine ukikata. Milima ikaanza kurefuka mbele ya macho yangu. Panya yule mdogo akavuta pumzi ndefu, ya kina, kama mtu aliyefika juu ya mlima, akaitoa taratibu, akangoja, akavuta nyingine. Nikaangalia macho yake. Kope zote mbili zilikuwa sawa.

"Arobaini na saba," akasema Fundi nyuma yangu.

Nikaingiza dawa, kipimo kile kile, mshipa ule ule.

Pumzi ilipanda. Ikashuka. Ikapanda. Niliikodolea macho kalamu nikingoja mstari mnyoofu, na mstari haukuja. Dawa ilikuwa imo ndani, imefika mapafuni, imegusa kila ilichotakiwa kugusa, na habari yake haikuwa na njia ya kupanda. Uzi ule uliozidiwa unene na wa vifungo ndio uliokuwa ukibeba amri ya kusimamisha pumzi ya kiumbe hai. Nywele zilinisimama mikononi. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku hiyo na sijawahi tena kuogopa namna ile, woga mzuri, wa mtu aliyefunguliwa mlango akaona nyumba ni kubwa kuliko alivyodhani.

Mkuu alikuwa ameinuka kwenye stuli. Alitazama karatasi, akamtazama panya, akanitazama.

"Kwa hiyo waliotangulia walisema kweli."

"Ndiyo, Profesa."

"Na wale watano?"

Nikafungua mdomo. Uongo wangu ulikuwa tayari, nilikuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Wale watano nilikosea mimi, Profesa," akasema Fundi. "Yeye hana kosa. Kushoto nilikata neva ya jicho. Sioni tena upande huo."

Kalamu iliendelea kuchora.

"Tangu lini?" mkuu akauliza.

"Jicho ni mwaka wa pili. Kazini, tangu mgeni wa tano."

"Unajua ninachotakiwa kufanya."

"Najua. Asubuhi nimeshafunga vifaa vyangu kwenye sanduku. Ufunguo uko kwa huyu binti."

Kweli alikuwa amenipa ufunguo asubuhi. Nilidhani amenipa nimshikie.

Mkuu wa idara aligeukia dirisha kidogo, akarudi. Fundi akasogea mezani, akapapasa ukingo mpaka akapata mahali pake karibu na kichwa cha panya.

"Mwanangu," akaniambia, "mpe tena kidogo. Nilikuwa nawaza mambo mengine, sikumsikiliza vizuri."

Nikamtazama mkuu. Akainamisha kichwa kukubali. Nikajaza sindano kipimo kile kile, nikaingiza. Fundi aliinama mpaka sikio lake likakaribia kifua cha mgeni, akafumba macho yote mawili, akaanza kuhesabu. Alihesabu pumzi moja moja bila kuruka hata moja, tano, kumi, kumi na tano, na kila moja ilipokuja alitabasamu kama hakuitegemea. Alipofika ishirini sauti ikamkwama, na mkuu wa idara, aliyekuwa amesimama karibu naye, akaendelea na ishirini na moja.